Stockholm miaka ya themanini: nilikuwa msaidizi kliniki ya masikio, siku moja chati ikasema mimi mwenyewe sisikii

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni wa wale wa kusoma na kupita. Leo nimeshindwa kupita. Kwenye ule uzi wa vifaa vya kusikia mtu kaandika kwamba wasaidizi wa kliniki za masikio kazi yao ni kupokea kadi na kuita majina tu.

Aisee! Nimeinuka kwenye kiti, nimekaa, nimeinuka tena. Nikasema hapana, huyu ngoja nimwandikie.

Nina daftari. Tangu nifike Ulaya nilikuwa naandika kila siku, hata kama ni mstari mmoja wa hali ya hewa. Haya nitakayosimulia yametoka humo. Pale daftari linaponyamaza nitawaambia kabisa kwamba hapa natumia kichwa, na kichwa changu msikiamini sana. Shule yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mpangilio mtanivumilia.

Twende.

Nilifika Stockholm nikiwa yaya. Kuna familia ya Kiswidi ilikuwa inafanya kazi Iringa, mkataba wao ukaisha, wakarudi kwao na mimi wakanichukua nilee watoto. Watoto wakakua, kazi ikaisha. Waliachana na mimi vizuri, walinisaidia hadi kupata kibali cha kukaa, sina neno baya juu yao.

Nikapata chumba mtaa wa Husby kwa wazee wawili wa Uganda, Mama Grace na mumewe Mwalimu Opio. Mzee alikuwa mwalimu mkuu huko kwao kabla ya kukimbia nchi. Stockholm alikuwa anapanga maboksi kwenye ghala, lakini alienda ghalani na tai shingoni. Nyumba nzima tulimwita Mwalimu, hata mkewe.

Na mimi nikapata kazi ya usafi kwenye kliniki moja ya masikio upande wa Sundbyberg. Treni hadi Hallonbergen, halafu basi. Ndoo, mopu, vumbi. Nilikuwa nashukuru.

Sasa hiyo kliniki ilikuwa na wapimaji wawili tu.

Gunilla, ndiye mkubwa wao. Na Barbro, mrefu, mkimya, miwani kwenye kamba. Huko watu wanaitana majina makavu tu, hata bosi. Mimi mwaka mzima nilikuwa namwita "Mama Gunilla" moyoni ndipo mdomo utoe "Gunilla".

Wagonjwa walikuwa wengi kupita kiasi. Mtu anaandika barua leo anaomba kupimwa, anasubiri miezi. Na hapohapo hao wataalamu wawili nusu ya siku yao inaishia kwenye vitu vidogo. Betri imekufa. Nta imeziba. Na baridi ndiyo ilikuwa balaa lenyewe! Mzee anatoka nje kwenye theluji anaingia ndani kwenye joto, mvuke unakuwa matone ndani ya kile kimrija kinachotoka kwenye kifaa kwenda sikioni. Sauti inakata. Anakuja kliniki anasema kifaa kimekufa, kumbe ni tone moja la maji!

Siku moja napiga deki mapokezi, bibi mmoja wa Kiswidi akaninyooshea kifaa chake. Sijui alidhani mimi ni nani. Nilikuwa nimeshawaona wapimaji wanavyofanya mara mia. Nikachomoa ile plagi ya sikio (kila mtu ana yake, inatengenezwa kwa umbo la sikio lake), nikapuliza kimrija kwa kile kipira cha mkononi, nikarudisha. Bibi akaweka, akatabasamu hadi fizi.

Nageuka, Gunilla huyu hapa mlangoni.

Nikajua leo nimefukuzwa.

Akasema, "Nionyeshe tena."

Ndivyo ilivyoanza, wakuu. Gunilla akaomba ruhusa kwa wakubwa wake ajaribu kitu ambacho pale kwetu kilikuwa hakijafanyika: mtu asiye mtaalamu afundishwe yale madogo, ili wataalamu wabaki na yale makubwa. Miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa miezi mitatu kikao Ijumaa, Gunilla na Barbro lazima wakubaliane wote wawili. Wakikubaliana napata kazi ya msaidizi, ya kudumu, koti jeupe. Wasipokubaliana narudi kwenye ndoo.

Siku ya kwanza wakaniazima koti, na daftari limeandikwa kwa herufi kubwa: NIMEVAA KOTI. Chini yake nimeandika: sidhani kama litanikaa.

Barbro alikuwa anapinga tangu siku ya kwanza. Na alinipinga usoni, si pembeni.

Najua humu ndani mtakimbilia kusema alikuwa mbaguzi. Sitakubali, kwa sababu sikuona hivyo. Alisema hivi, nimeandika siku ileile: "Nilisoma miaka mingi kufanya kazi hii. Sikio la mtu si sakafu. Likiharibiwa halisuguliki."

Sasa hapo mimi nibishe nini?

Tena nilimpa sababu. Wiki ya pili nilibadilisha vimrija vya mama mmoja kwenye vifaa vyake viwili, nikarudisha plagi ya kulia upande wa kushoto. Yule mama alirudi baada ya siku mbili masikio yamekuwa mekundu kama nyanya. Barbro hakupiga kelele. Aliniletea rangi ya kucha, akasema, "Nyekundu ni kulia." Nikaweka kidoti chekundu kwenye kila plagi ya kulia iliyopita mkononi mwangu. Sikurudia kosa.

Nikawa naenda vizuri. Saa mbili kila asubuhi tulifungua mlango bila miadi. Mwenye betri aje, mwenye mrija aje, mwenye nta aje. Mimi na meza yangu na vibakuli vyangu! Kuna kitu kama mpira wa daktari wa kusikilizia kifua, unauunganisha na kifaa unasikiliza kama kina mkwaruzo. Nikawa nasikiliza vifaa kumi na tano, ishirini kwa siku. Gunilla anapita anacheka, anasema, "Leo nimepima watu sita kabla ya kahawa!" Zamani kabla ya kahawa alikuwa anapima wawili tu.

Mimi huyo, wakuu. Naenda Hallonbergen najiona nina mabawa.

Halafu ikaja wiki ya kumi na mbili.

Gunilla akasema kila anayefanya kazi pale lazima naye akae kwenye chumba cha kupimia, ajue mgonjwa anapitia nini. Wazo zuri. Kile chumba ni kidogo, mlango mnene kama wa friji la buchani. Unavaa visikilizio, unapewa kitufe. Sauti inakuja, ti ti ti, kila mara inazidi kuwa ndogo. Ukisikia, bonyeza.

Barbro ndiye aliyenipima.

Nilikaa wima kama niko kwenye mtihani. Nilijisemea, leo sikosei hata moja.

Nikatoka. Barbro anaangalia karatasi. Akaita Gunilla. Wakaangalia wote wawili. Mistari yangu yote miwili, kulia na kushoto, imeshuka chini ya pale inapotakiwa kuwa kwa mtu mzima kiafya.

"Unasikia vizuri nyumbani?" Gunilla akaniuliza, taratibu, kama unavyomuuliza mtu aliyefiwa.

Nikasema nadhani.

Barbro akavua miwani. "Huyu ndiye anayesikiliza vifaa kama vina mkwaruzo," akasema. "Mkwaruzo ni sauti ndogo. Sisemi kwa ubaya. Ila siwezi kukubali."

Na hapa niwe mkweli: kwa ile karatasi iliyokuwa mkononi mwake, alikuwa sahihi. Mimi ningekuwa Barbro ningesema hivyohivyo.

Kikao kikabaki Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Wakuu, mtu akikuambia husikii, unaacha kusikia! Sijui kama kuna mtu humu imeshamtokea. Nilipotoka pale nikaanza kujipima kila mahali. Stesheni nasimama nimegeukia ukuta nione kama nitasikia treni kabla ya wengine kugeuka. Nyumbani nasugua vidole pembeni ya sikio. Nikasikia. Nikajiambia, umesikia au umetaka kusikia? Jumapili kanisani nikakaa benchi la mbele kabisa, mahali ambapo sijawahi kukaa maisha yangu, mchungaji akadhani nina jambo la kushuhudia.

Daftari la siku zile linatia huruma. "Huenda nimekuwa hivi tangu utoto na watu walinificha." Mstari mzima hivyo.

Sasa Jumatano, siku mbili kabla ya kikao, nani anakuja kupimwa? Mwalimu Opio wangu wa Husby!

Alikuwa amesubiri miezi kama wengine. Nataka hilo lijulikane, sikumpitisha mlango wa nyuma. Mama Grace ndiye aliyemlazimisha, maana redio pale nyumbani ilikuwa inasikika hadi ghorofa ya chini. Akiambiwa, anajibu, "Mimi si kiziwi. Watu wa redio siku hizi wanaongea mdomo umefunga."

Lakini pia kuna hili, lishikeni. Mama Grace alikuwa na msemo wake: "Huyu mzee mwite aoshe vyombo, hasikii. Fungua sufuria ya nyama pole pole, ona vile anakuja mbio!"

Kweli kabisa. Nilikuwa naona kwa macho yangu. Kile kimfuniko kikiguswa tu, tai hiyo imeshafika jikoni.

Basi nikampokea, nikamkalisha, nikamvisha visikilizio. Barbro akamweleza kwa Kiingereza kizuri tu: ukisikia sauti, bonyeza. Mlango ukafungwa. Mama Grace kakaa benchi la nje na mkoba mapajani.

Baada ya robo saa Barbro ananionyesha karatasi, uso umekunjamana. Mistari imeanguka vibaya sana. Kwa karatasi ile, Mwalimu alitakiwa apewe kifaa kikali kabisa, kile cha watu ambao hata mlango ukibamizwa hawageuki.

Mimi nikaingia kumvua visikilizio. Akanishika mkono, akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Binti yangu, nimepita?"

"Mwalimu, huu si wa kupita wala kufeli."

"Usinidanganye, kila mtihani uko na kufeli. Lakini nimefanya smart. Zile ndogo ndogo zote nimeacha."

"Umeziacha vipi?"

"Ile ndogo inakuja, mimi nauliza kichwa yangu, Opio, uko na uhakika? Kichwa inasema asilimia tisini. Naacha. Mtu anabahatisha jibu, huyo ni mwizi wa alama. Miaka ishirini nimechapa watoto juu ya hiyo mambo."

Wakuu.

Nilibaki nimeshika vile visikilizio hewani kama mtu anayetundika nguo.

Kwa sababu mimi nilifanya hivyohivyo! Neno kwa neno! Sisi shuleni mwalimu wa hesabu alikuwa na fimbo mbili, moja ya waliokosa, moja ya waliobahatisha. Ya waliobahatisha ndiyo ilikuwa nene. Kwenye kile chumba zile sauti za mbali kabisa, zile za kama sisimizi anakohoa, nilizipata! Nilizipata zote! Nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa nazihisi tu, sikuwa na ushahidi. Na kazi yangu ilikuwa inategemea nisikosee. Kadiri nilivyoitaka ile kazi, ndivyo nilivyozidi kutobonyeza.

Sasa tatizo. Nimwambie Barbro?

Nikimwambia ataona najitetea. Siku mbili kabla ya kikao, mtu uliyemkuta na kasoro anakuja na maelezo. Mimi mwenyewe nisingemwamini. Nilisimama koridoni, nadhani dakika tano, daftari halisemi. Nikaamua nitamwambia ya Mwalimu tu, yangu nitaiacha. Maana Mwalimu akipewa kile kifaa kikali, mfuniko wa sufuria utampasua kichwa.

Nikaingia. Nikasema, "Barbro, huyu mzee anasikia mfuniko wa sufuria kutoka chumba cha pili."

Akanitazama.

Nikamweleza yote. Fimbo, alama, wizi, asilimia tisini. Kiswidi changu kilikuwa kinapigana chenyewe kwa chenyewe, lakini alielewa. Hakucheka. Akasimama, akaenda mlangoni kwa Mwalimu, akasema kwa Kiingereza, "Tafadhali, tunarudia."

"Kurudia?" Mwalimu akaweka mkono kwenye tai. "Mimi? Madam, tangu nizaliwe sijawahi kurudia mtihani!"

Mama Grace kutoka kwenye benchi: "Opio! Keti!"

Akaketi.

Safari hii Barbro akabadilisha maelezo. Akamwambia: si mtihani. Hakuna alama. Ukidhani tu, hata kama huna uhakika, hata kama unaona aibu, bonyeza. Na mimi nikayarudia kwa Kiswahili, nikaongeza langu: "Mwalimu, leo kubahatisha kuna ruhusa ya serikali."

Mistari ikapanda! Naiona hadi leo ile kalamu ya Barbro inavyoweka alama, juu, juu, juu. Mzee alikuwa na upungufu, ndiyo, lakini wa kiasi, wa umri, wa kifaa cha kawaida kabisa. Barbro aliweka kalamu chini.

Halafu akageuka kwangu. Sikuwa nimesema neno lolote kuhusu mimi, naapa.

"Na wewe?" akasema. "Wewe pia ulikuwa unaogopa fimbo?"

Nikatikisa kichwa tu kwamba ndiyo.

"Ingia."

Sasa huku ndani nikapata hofu nyingine. Siri naijua tayari. Si nitabonyeza ovyo nionekane mzima? Huo si ndio wizi wenyewe? Nikafungua mlango, nikamwambia, "Barbro, mimi sasa najua, utaniaminije?"

Akasema, "Katikati huwa naacha kimya. Ukibonyeza kwenye kimya, naona. Funga mlango."

Nikafunga. Nikafumba macho. Sisimizi akakohoa, nikabonyeza. Akakohoa tena mbali zaidi, nikabonyeza. Kuna mahali nilibonyeza, papo hapo nikajua hapa hapakuwa na kitu. Mbele kidogo nikafanya tena.

Nilipotoka, kabla hajasema chochote, nikamwambia, "Nimedanganya mara mbili."

Wakuu, yule mama alicheka. Wiki zote zile sijawahi kumwona anacheka. Alicheka hadi miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye kamba.

"Kila mtu hubonyeza mara moja mbili kwenye kimya," akasema. "Binadamu ndivyo alivyo. Siku ile ya kwanza hukubonyeza hata mara moja. Sifuri. Na huyu mzee sifuri. Hiyo sifuri ilikuwa inaniambia kitu, na mimi mwenye masomo yangu sikuiona."

Akanigeuzia karatasi. Mistari yangu imelala pale juu, sawasawa, kama kamba ya nguo. Masikio mazima kabisa!

Nilikimbilia stoo ya usafi nikalia juu ya ndoo. Ndiyo, hilo nalo lipo kwenye daftari.

Ijumaa kikao. Gunilla akauliza, Barbro unasemaje. Mimi nimekaa mkono juu ya mkono. Barbro akasema hivi, nimeyanakili siku ileile:

"Bado napinga msaidizi asiyefundishwa. Huyu afundishwe zaidi, na mimi ndiye nitakayemfundisha. Na kuanzia Jumatatu, yeye ndiye atakayewakalisha wagonjwa na kuwaeleza kabla ya kipimo. Mimi wananiona na koti na karatasi, wanaogopa kukosea. Yeye wanamwambia kweli."

Gunilla akapiga meza kwa furaha hadi kahawa ikamwagika. Nikanyanyuka nifute. Barbro akanishika bega, akanikalisha, akafuta yeye.

Nikapata kazi! Nimeifanya hadi nastaafu.

Sasa nilichojifunza, na nakiri naweza kuwa nimekosea, kuna wataalamu humu watanirekebisha.

Msaidizi si mkono wa ziada wa kubadilisha betri tu. Betri ni muhimu, foleni inapungua, sikatai. Lakini mgonjwa ana maneno ambayo hamwambii daktari, anamwambia aliyemvua visikilizio. Ukimfunza msaidizi vizuri, na ukamsikiliza, utayapata hayo maneno. Usipomfunza, atakugeuzia plagi za watu kulia kushoto kama nilivyofanya mimi. Yote mawili ni kweli.

Na kwa wenye wazazi: mkimpeleka mzee kupimwa masikio, mwambieni mapema kwamba akihisi tu sauti, abonyeze. Wazee wetu waliosomeshwa kwa fimbo hawawezi kubahatisha mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Watarudi nyumbani na kifaa kisicho chao, wakiweke kabatini, halafu mseme ni wabishi.

Mwalimu Opio alipewa kifaa chake. Redio ikashuka. Wiki ya kwanza tu akagundua kwamba Mama Grace amekuwa akimjibu vibaya kwa sauti ya chini kwa miaka yote ile, na ndani ya nyumba pakawa na kesi nyingine kabisa ambayo mimi simo.

Karibuni wakuu. Mliowahi kukaa kwenye kile chumba, mlibonyeza vipi? Na kama kuna mpimaji humu, aniambie hiyo sifuri siku hizi wanafundishwa kuitazama au la. Mkosoe, mkandie, niko hapa nasoma.